BMI ya mwanangu ni 17.8, mbona barua ya shule inasema uzito umezidi?

SWALI: Habari za kazi. Tunaishi Milton Keynes, mimi, mume wangu na watoto wawili. Wiki iliyopita tumepokea barua ya manesi wa shule kwamba mwanetu wa kiume wa miaka 5, aliye Reception (darasa la kuanzia shule), ana uzito uliozidi. Wameandika kimo sentimita 110, uzito kilo 21.5. Nikapiga hesabu ya BMI (uzito ukilinganishwa na kimo) mwenyewe nikapata 17.8, na mtandaoni naona chini ya 18.5 ni mwembamba! Sasa kipi ni kipi? Kwenye habari wanasema theluthi mbili ya watu wazima wa hapa ni wanene, na mtoto mmoja kati ya watano anamaliza shule ya msingi akiwa na unene wa kupindukia. Takwimu hizi ni za kweli au wanatutisha? Nimpunguzie chakula? Mama yangu yuko nasi, anasema mtoto ana afya, aachwe. Mimi mwenyewe nina kilo 69 na kimo sentimita 162.

JIBU: Dada, hesabu yako ni sahihi. Kilo 21.5 ukigawanya kwa 1.10, ukagawanya tena kwa 1.10, unapata 17.8. Tatizo ni jedwali ulilolinganishia. Mipaka ya 18.5, 25 na 30 ni ya mtu mzima ambaye kimo chake kimeshasimama. Mtoto hana mpaka mmoja, kwa sababu BMI yake hupanda na kushuka yenyewe anavyokua. Hupanda mwaka wa kwanza, wakati wa mashavu na mapaja ya kubana. Hushuka akianza kutembea na kurefuka. Hufika chini kabisa kwenye miaka 5 au 6, ndipo ianze kupanda tena mpaka ukubwani. Mwanao yuko kwenye kipindi hicho cha chini kabisa. Mvulana wa kawaida wa umri wake ana BMI ya 15 na nusu hivi. Kwa hiyo 17.8, ambayo kwako wewe ingekuwa wembamba wa kutia wasiwasi, kwake ni nyingi.

Ndiyo maana mtoto hupimwa kwa kulinganishwa na wenzake wa umri na jinsia yake. Chati inayotumika England inaitwa UK90. Ilitengenezwa kwa vipimo vya watoto wa Uingereza vilivyokusanywa hadi 1990, na ina mistari yenye namba. Mtoto aliye kwenye mstari wa 91 maana yake, kati ya watoto 100 wa rika lake wa wakati ule, 91 wangekuwa na BMI ndogo kuliko yake. Barua ya wazazi hufuata mipaka ya kitabibu: kuanzia mstari wa 2 hadi kabla ya 91 ni uzito mzuri, kuanzia 91 hadi kabla ya 98 ni uzito uliozidi, na 98 kwenda juu ni uzito uliozidi sana. Mwanao ameangukia kati ya 91 na 98. Kwa hiyo barua haikukosea hesabu. Ila usiisome kama hukumu, maana hawa manesi hawajampima mafuta wala kumchunguza mwili. Wana namba mbili tu, kimo na uzito.

Na namba mbili hizo zinaweza kupotoka. Utaratibu unataka mtoto avue viatu na koti, asimame visigino vimegusa nyuma, atazame mbele si juu, na kimo kiandikwe hadi milimita, uzito hadi gramu 100. Sasa ona kinachotokea mambo yakienda ovyo. Kama siku ile alipandishwa kwenye mizani na sweta zito na viatu, tuseme kilo 1 ya ziada, uzito wake halisi ni 20.5 na BMI inashuka hadi 16.9, chini ya mstari wa 91. Kinyume chake pia hutokea: mtoto akipimwa kimo na viatu vya soli ya sentimita 2 huonekana mrefu, BMI inapungua kwa uongo. Kwa wasichana wetu kosa la kawaida ni nywele. Kilemba cha rasta au nywele zilizofungwa utosini huongeza kimo, na barua inakuja na habari njema isiyo ya kweli.

Kwa hiyo kabla ya lolote, mpime tena nyumbani. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu, si zulia, maana zulia huifanya isome vibaya. Avae chupi na fulana tu, asubuhi, ameshakwenda chooni. Kimo: mgongo kwenye fremu ya mlango, pasipo na ule ubao wa chini ya ukuta unaosukuma visigino mbele, weka kitabu kigumu bapa kichwani, kona yake ikiwa imebana ukutani, piga alama kwa penseli, pima kwa tepu. Rudia mara tatu, chukua ya katikati. Halafu ingiza namba hizo na tarehe ya kuzaliwa kwenye kikokotoo cha BMI cha watoto cha tovuti ya NHS, huduma ya afya ya taifa. Hicho kitakupa mstari, si BMI tupu. Kama alizaliwa hapa, fungua kile kitabu chekundu cha kliniki uone vipimo vyake vya nyuma. Mtoto ambaye amekuwa karibu na mstari wa 91 tangu miaka 2 ni habari moja. Aliyekuwa kwenye 50 mwaka juzi na leo yuko 94 ni habari nyingine kabisa, na huyo wa pili ndiye wa kushughulikia haraka.

Sasa takwimu za kwenye habari. Ni za kweli, na kwa kweli ni miongoni mwa takwimu bora za aina hii Ulaya, kwa sababu watu wanapimwa, hawaulizwi. Mwanao amepimwa chini ya mpango wa kitaifa ulioanza mwaka wa masomo 2005/06, unaopima watoto zaidi ya milioni moja kwa mwaka wa kawaida katika madarasa mawili tu: Reception, miaka 4 hadi 5, na Year 6, miaka 10 hadi 11. Ni England, si Uingereza nzima. Scotland na Wales wana mipango yao, na hupima watoto wanapoanza shule tu, hivyo ukisikia takwimu ya Year 6 ya "Uingereza" ujue mwandishi anazungumzia England.

Mwaka 2023/24 watoto wa Reception wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 9.6, na wa Year 6 asilimia 22.1. Hapo ndipo "mmoja kati ya watano" inapotoka. Lakini kuna jambo ambalo vyombo vya habari hulisahau karibu kila mwaka: takwimu za taifa hazitumii mipaka ile ya barua yako. Kitaifa, unene wa kupindukia huanzia mstari wa 95, na uzito uliozidi huanzia 85. Mtoto aliye kwenye mstari wa 96, mzazi wake anaandikiwa "uzito uliozidi", ilhali serikalini amehesabiwa kwenye kundi la unene wa kupindukia. Si udanganyifu, mpaka wa chini unafaa kufuatilia jamii, wa juu unafaa kuamua nani aitwe kliniki. Ila ukichanganya viwili hivyo unadhani barua zinaficha jambo.

Mstari wa 95 una faida nyingine. Kwa kuwa chati ni ya watoto wa hadi 1990, enzi hizo waliokuwa juu ya mstari huo walikuwa 5 kati ya 100, ndivyo chati ilivyotengenezwa. Leo wanaomaliza shule ya msingi juu ya mstari uleule ni 22 kati ya 100. Huhitaji mchambuzi kukueleza kilichotokea.

Tazama pia mwaka wa corona. 2019/20 Reception ilikuwa 9.9 na Year 6 ilikuwa 21.0. 2020/21, shule zimefungwa na viwanja vimefungwa, zikaruka hadi 14.4 na 25.5. Mwaka huo waliopimwa walikuwa wachache, wataalamu wakalazimika kurekebisha hesabu, lakini mruko ni mkubwa mno kuelezwa na hilo peke yake. Mwaka uliofuata Reception ikarudi 10.1, Year 6 ikabaki 23.4. Wadogo walirudi upesi, wakubwa walichelewa. Mimi kwenye namba zote hizi ndiyo hii inayonigusa zaidi, kwa sababu inasema jambo la kukufaa: mwili wa mtoto wa miaka 5 bado unageuka kirahisi.

Tofauti ya maeneo ni kali kuliko tofauti ya miaka. Mwaka huohuo wa 2023/24, Reception katika mitaa maskini zaidi ilikuwa asilimia 12.9 dhidi ya 6.0 katika mitaa yenye nafuu. Year 6 ilikuwa 29.2 dhidi ya 13.0. Ukiambiwa kwamba wazazi wa siku hizi hawana nidhamu, uliza kwa nini ukosefu huo wa nidhamu unafuata ramani ya umaskini kiasi hicho. Chakula cha bei rahisi chenye mafuta na sukari nyingi kipo kila kona, nyumba ni finyu, bustani hakuna, mama anaingia zamu ya usiku.

Watoto weusi nao huonyesha viwango vya juu kuliko makundi mengine. Sehemu kubwa ni umaskini huohuo. Ila kuna la ziada: utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2017, uliopima mafuta ya mwili moja kwa moja, ulionyesha kwamba BMI huwaonyesha watoto wenye asili ya Afrika kuwa na mafuta kuliko waliyonayo, na huwaonyesha watoto wenye asili ya Asia Kusini kuwa na mafuta kidogo kuliko waliyonayo. Barua hairekebishi jambo hilo. Kwa hiyo mtoto mweusi mrefu, mwenye misuli, aliye kwenye 92, naweza kumtazama kwa utulivu. Mtoto wa Kihindi aliye kwenye 85 aliyepata barua ya "uzito mzuri", huyo siachi kumtazama tumbo.

Watu wazima sasa. Kuna utafiti wa afya wa England ambao wapimaji hupita nyumba kwa nyumba. Wa 2022 ulikuta asilimia 64 wana BMI ya 25 au zaidi: hiyo ndiyo theluthi mbili yako. Lakini humo mna makundi mawili yaliyounganishwa. Wenye unene wa kupindukia, yaani 30 na kuendelea, ni asilimia 29. Waliobaki wako kati ya 25 na 30. Utafiti huohuo mwaka 1993 ulikuta wenye 30 na kuendelea ni asilimia 15 hivi. Kundi hili ndilo lililokaribia kuongezeka maradufu, na ndilo lenye kisukari, presha na magoti yanayouma.

Usije ukalinganisha 29 hiyo na nchi jirani kwa pupa. Takwimu za Umoja wa Ulaya za 2019 zinasema wenye unene wa kupindukia ni asilimia 17 hivi ya watu wazima, Malta ikiongoza kwa karibu 29 na Romania ikiwa chini kwa 11 hivi. Zile zilikusanywa kwa kumuuliza mtu: una kilo ngapi, una kimo gani? Kila mahali duniani watu hujipunguzia kilo na kujiongezea sentimita. England si nyembamba, hilo halina ubishi, lakini pengo halisi ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Italia ni mfano mzuri: watu wazima wake wakijitaja wenyewe ni wembamba, lakini watoto wake wa miaka 8 na 9 wakipimwa kweli wamo kwenye kundi la juu Ulaya.

Tuje kwa mwanao. Usimpunguzie chakula kwa maana ya kumnyima, na usilenge apungue hata kilo moja. Kimo kitakufanyia kazi. Mtoto wa umri huu hurefuka sentimita 6 hivi kwa mwaka. Akiongeza kilo 1 tu badala ya 2 za kawaida, mwakani atakuwa na kilo 22.5 kwenye sentimita 116, na BMI yake itakuwa 16.7, ndani kabisa ya uzito mzuri. Kilo moja kwa mwaka mzima: ni tofauti ndogo mno kwa siku, ndiyo maana haihitaji "dayati", inahitaji kuziba tundu mbili tatu.

Tundu la kwanza ni vinywaji. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 hatakiwi kuzidi gramu 19 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na sukari ya juisi inahesabiwa humo hata kama juisi ni halisi. Kijiko cha chai kina gramu 4. Chai ya maziwa asubuhi vijiko viwili, jioni vijiko viwili, tayari 16. Paketi moja ya mililita 200 ya juisi ya machungwa huleta kiasi kama hicho tena. Kopo la soda la mililita 330 la aina yenye sukari kamili lina 35. Kodi ya vinywaji iliyoanza Aprili 2018 ilifanya viwanda vingi vipunguze sukari chini ya gramu 5 kwa mililita 100 ili vikwepe kodi, kwa hiyo soda nyingi za dukani si zile za zamani. Hata hivyo soma nyuma ya chupa. Juisi isizidi mililita 150 kwa siku, na aipate pamoja na chakula. Maji na maziwa yatoshe. Maziwa ya kifuniko cha kijani yanamfaa tangu alipotimiza miaka 2, huna haja ya yale ya bluu. Chai mpunguzie sukari nusu kijiko kila wiki. Mtoto hazoei kwa siku moja lakini kwa mwezi hakumbuki.

Tundu la pili huwa halionekani: chakula cha mchana mara mbili. Watoto wote wa Reception hadi Year 2 katika shule za serikali England hupewa chakula cha mchana bure tangu Septemba 2014. Mwanao anakula pale chakula kamili cha moto, na kitindamlo. Akirudi saa tisa na nusu alasiri, bibi anamwandalia wali na maharage kwa sababu "hawa Wazungu wamempa nini?" Saa kumi na mbili anakula tena na familia. Bibi hana kosa, hajui tu kilicholiwa. Chukua menyu ya shule, bandika kwenye friji, mwoneshe. Saa tisa na nusu iwe tunda, au kipande cha mkate na siagi ya karanga, na chakula cha jioni kivutwe hadi saa kumi na moja na nusu ikiwa njaa ni kubwa.

Sahani yake iwe ndogo, ya mtoto kweli. Chapati moja badala ya mbili, mboga ipakuliwe kwanza, na sinia la katikati likiwapo kila mtu apakuliwe upande wake mapema, maana kwenye sinia hakuna anayejua mtoto amekula kiasi gani. Akisema ameshiba, ameshiba. Kumlazimisha amalize ndiko kunakomfundisha kutosikiliza tumbo lake. Na mabadiliko yawe ya nyumba nzima. Mtoto mmoja akiwekewa chakula chake peke yake huku nduguye anakula maandazi, utakuwa umemfundisha kula kwa kujificha.

Michezo: wastani wa dakika 60 kwa siku, si lazima kwa mkupuo. Kutembea kwenda shule dakika 15 na kurudi 15 ni nusu yake. Usingizi saa 10 au zaidi usiku. Mtoto aliyelala saa nne usiku na simu mkononi huamka na njaa ya vitu vitamu.

Neno "mnene" lisitamkwe mbele yake. Shule hazimwambii mtoto matokeo, nanyi msimwambie.

Mpime tena baada ya miezi mitatu, si kila Jumamosi. Mpeleke kwa GP, daktari wenu wa familia, bila kusubiri ukiona anakoroma sana na kukata pumzi usingizini. Au ngozi ya shingoni au makwapani imekuwa nyeusi na nzito kama mahameli. Au anachechemea au analalamika nyonga au goti. Au ananenepa huku harefuki. Hilo la mwisho lina maana, kwa sababu mtoto aliyenenepa kwa chakula kwa kawaida huwa mrefu kuliko wenzake. Akiwa mfupi na mnene, tunatafuta homoni. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda ghafla ni dharura ya siku ileile, maana huenda ni kisukari cha aina ya kwanza.

Wewe sasa. Kilo 69 kwa sentimita 162 ni BMI 26.3. Kwa mipaka ya kawaida umevuka 25 kidogo. Lakini mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, tangu 2022 una mipaka ya chini kwa wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati: uzito uliozidi huanzia 23, na unene wa kupindukia huanzia 27.5, kwa kuwa kisukari na magonjwa ya moyo hutupata mapema zaidi. Kwa kimo chako 27.5 ni kilo 72. Zimebaki 3.

Kabla hujahangaika na mizani, chukua tepu. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu kidogo ya kitovu, umetoa pumzi kawaida bila kubana tumbo. Kiuno kiwe chini ya nusu ya kimo, kwako ni chini ya sentimita 81. Kikizidi hapo, mwombe GP kipimo cha damu cha HbA1c, kile cha kutambua kisukari. Chini ya 42 ni salama. 42 hadi 47 unaweza kupelekwa bure kwenye mpango wa NHS wa kuzuia kisukari. 48 na zaidi ni kisukari, na watakirudia kipimo kabla ya kukuandikia dawa.